Mkia Kwenye Karatasi Nyeupe

4 Machi

Kwako mke mwenzangu,

Shikamoo yako niliipata, marahaba sana. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua itanyesha lini kuliko ninyi wenye mitambo huko mlimani kwenye kituo cha hali ya hewa. Mjomba wako alipita Jumapili, akala, akasinzia kitini, akaondoka. Wimbo wake ni uleule, kwamba nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja na kwake kuna chumba cha nyuma. Nikamwambia chumba cha nyuma aweke mbuzi. Jirani yetu fundi viatu amesogeza meza yake hadi kwenye ukuta wetu, kwa hiyo tangu asubuhi ni nyundo tu, ko ko ko. Nililalamika siku mbili, sasa siku asipofungua naona nyumba imekuwa kubwa kweli.

Haya, la Mpangaji wako. Ulisema nikutunzie chatu wako mpaka utakaporudi, ana adabu, hana kazi nyingi, anakula na kulala kama babu yako. Mbona sasa hali? Hii ni wiki ya nne. Yule wa ghala la nafaka ananiwekea panya walionaswa, namshikia kwa koleo kama ulivyonifundisha, namsogezea. Zamani alikuwa akirukia mpaka koleo linanitikisa bega. Sasa hakuna kitu. Jana nilimtoa nisafishe sanduku lake la kioo, nikamkuta mzito kuliko mwezi uliopita, naye hajala. Akanizunguka mkono akabana. Nilisimama pale katikati ya chumba, nasubiri aone huruma.

Naogopa, nisikufiche. Naogopa asife mikononi mwangu ukaja kunidai, na asipokufa namwogopa yeye mwenyewe. Miaka thelathini na minane ya ukunga sikuogopa damu wala kelele. Lakini kiumbe kisicho na miguu, hujui kinakwenda wala kinakuja!

Niambie nifanye nini. Na andika herufi kubwa. Si kwamba sioni, ni kwamba mwandiko wako ni wa kidaktari.

Bibi yako


19 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limepoa. Hapa tuko watatu tu, mimi, fundi wa mitambo na mpishi, na mpishi amegombana na fundi wa mitambo, kwa hiyo mezani mimi ndiye mkalimani. Kila baada ya saa tatu natoka kusoma vipimo vya mvua na upepo, narudi, naandika daftarini. Simu bado haishiki hata ukipanda juu ya paa. Barua zinasubiri lori la chakula kila wiki mbili, na barabara ikiharibika zinasubiri zaidi. Basi usikonde nikichelewa kujibu.

Kuhusu Mpangaji, kwanza usiogope. Chatu wa aina yake ni mdogo, hana sumu, na akiogopa hujikunja akawa kama mpira, kichwa akakificha katikati. Anakuogopa wewe kuliko unavyomwogopa. Kutokula kwake kunategemea jambo moja ambalo sikuwahi kulihakikisha: ni dume au ni jike? Yule mwalimu wa muziki aliyenipa alipohama alisema ni dume, nami nikaamini kwa sababu alisema kwa sauti nzito.

Kama ni dume, msimu huu wengi wao hususa chakula, kisha hurudia wenyewe. Kama ni jike, huenda ana mayai. Jike mwenye mayai hutaka mahali pa giza, pa joto, penye unyevu kidogo. Akikosa, mayai yanaweza kumkwamia tumboni akafa, au atatoka kwenda kujitafutia. Na akishataga hujizungushia mayai yake na kuuma kila kinachomsogelea.

Mgeuze taratibu umtazame. Karibu na mwisho wake kuna tundu la haja, limefunikwa na gamba pana. Kando yake kuna vijikucha viwili, kama miiba. Vya dume kwa kawaida ni vikubwa, lakini usivitegemee, kuna majike wenye vikubwa pia. Tazama mkia, kuanzia tundu hadi ncha. Wa dume ni mrefu, unakwenda na unene wake kwanza ndipo uchongoke. Wa jike ni mfupi na unachongoka papo hapo. Madaktari wa wanyama huingiza kijiti chembamba cha chuma kilicholainishwa, kuelekea mkiani, wakahesabu magamba: kikiishia la pili au la tatu ni jike, kikizama saba au zaidi ni dume. Hicho usijaribu, Bibi. Naijua mikono yako, lakini akishtuka utamtoboa.

Barua yako safari hii imepanda mlima, na kuna mistari miwili imelaliana. Miwani ipo? Mwisho wa Mei nitakuwa nyumbani.

Mjukuu wako


2 Aprili

Kwako mke mwenzangu,

Marahaba. Barua imefika, nimeisoma mara mbili na chai. Mwambie mpishi wako aache kununa, chakula kinachopikwa na mtu aliyenuna kinaumiza tumbo, hilo nimeliona wodini. Mjomba wako amepata kikohozi, nimemtumia tangawizi na matusi kidogo.

Mpangaji ni dume. Funga mjadala. Nimemshika mwenyewe, nimempapasa, vijikucha vipo viwili, vigumu, vinachoma kidole. Dume hilo! Unasahau unazungumza na nani? Wodini walikuwa wananiita Taa. Umeme ukikatika na mtoto anakuja, mimi nilimpokea gizani na kumwambia mama yake, hongera, wa kike, au hongera, wa kiume, kabla mtu hajapata kiberiti. Zaidi ya watoto elfu moja, na hakuna hata mmoja niliyemkosea. Sasa nyoka mmoja ndiye anishinde?

Daktari wa mifugo nilimuulizia. Amejibu kwamba yeye ni wa ng'ombe na kwamba akisikia kuna chatu ndani hatakuja hata barabarani kwetu. Fundi viatu naye ndiyo hivyo hivyo, akiniletea kitu anasimama kizingitini ananyoosha mkono, mtu mzima na ndevu zake.

Ila swali moja. Kama Mpangaji alikuwa akiishi peke yake kwa huyo mwalimu, hayo mayai ungeyafikiria kwa nini?

Mwisho wa Mei nimeuhesabu. Nitafua mapazia.

Bibi yako


17 Aprili

Shikamoo Bibi,

Pole kwa kikohozi cha mjomba, na pole kwa matusi aliyopokea. Mpishi na fundi wa mitambo wamepatana, sasa wote wawili wameninunia mimi. Mvua zimeanza kwa fujo. Jana kipimo kilijaa kabla ya zamu yangu, nikakuta maji yanamwagika.

Umenibana, nami sina pa kutokea. Mwalimu wa muziki alikuwa nao wawili, katika sanduku moja. Alisema wote madume na kwamba walikuwa wakipigana. Nilikuficha kwa sababu ungekataa kumpokea. Nisamehe. Lakini sasa unaelewa kwa nini siwezi kufunga mjadala kwa vijikucha tu. Kama mmoja alikuwa jike, basi hawakuwa wakipigana.

Hukunijibu kuhusu mkia. Ni mrefu au mfupi? Hukunijibu pia kuhusu miwani. Naomba hivi: mlaze Mpangaji juu ya karatasi, shika sehemu ya nyuma taratibu, upitishe kalamu kuuzunguka mkia, na uweke mstari mahali tundu lilipo. Nitumie karatasi hiyo. Nikiiona nitajua.

Na hakikisha kifuniko cha sanduku kimefungwa kwa kile kitasa cha upande wa kulia. Kile chekundu, unakiona.

Mjukuu wako


16 Mei

Kwako mke mwenzangu,

Marahaba. Nimekusamehe, lakini nimeandika pembeni. Mjomba wako amepona na amerudi na wimbo wake, safari hii amekuja na mkanda wa kupimia, eti apime kabati langu kama litaingia kwenye kile chumba. Nilimwacha apime. Nilimkatalia baada ya kumaliza, ili achoke.

Mkia nimekuchorea, uko karatasi ya pili. Shughuli yake sitaisimulia yote. Alikuwa mtulivu mwanzoni, kisha akaanza kujigeuza tumbo juu, mara mbili, mara tatu, kama mama mjamzito anayetafuta ubavu wa kulalia. Tumbo la chini limejaa. Nilipolipapasa nilihisi jambo ambalo mikono yangu inalijua, nikaondoa mikono haraka. Nilisema dume na bado nasema dume. Lakini tangu hapo lile sanduku nalipitia mbali.

Hujasema lolote kuhusu mwisho wa Mei. Sikuulizi.

Ila kuna jambo sikulisema juu, nimeliacha mpaka mwisho makusudi. Leo asubuhi, kabla sijakaa kumalizia barua hii, nilitia mkono sandukuni nimbadilishie maji, na


21 Mei

Bibi,

Nimejaribu kuanza na salamu mara tatu nikashindwa. Shikamoo.

Barua yako imefika na lori la leo. Karatasi ya kwanza imekatika katikati ya sentensi. Karatasi ya pili, uliyosema umechora mkia, ni nyeupe. Nyeupe kabisa, Bibi, hakuna hata nukta. Kalamu ya kwanza iliishiwa wino, ya pili ilikuwa kavu tangu mwanzo, na wewe uliendelea kuandika na kuchora.

Nilikaa nayo mezani mpaka chai ikapoa. Kisha nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha nikaona mikwaruzo. Nikachukua penseli, nikailaza, nikapaka taratibu kama tulivyokuwa tukipaka juu ya sarafu nilipokuwa mdogo. Maneno yakatokea meupe ndani ya weusi. Hakuwemo. Kifuniko kilikuwa wazi. Umepapasa chini ya kitanda, nyuma ya jiko, ndani ya ndoo, hakuna. Umepanda juu ya meza ya kulia na unaandika miguu ikiwa juu. Nisimwambie mjomba.

Nikapaka na ile ya pili. Mkia ukajitokeza, na mstari wako kwenye tundu. Nimeupima kwa rula ya kituo, nikaupima tena. Ni mfupi, na kutoka kwenye mstari unachongoka papo hapo kama karoti. Ni jike, Bibi. Ukijumlisha na tumbo lililojaa, na kule kujigeuza, ana mayai, na ametoka kwenda kutaga.

Sasa nisikilize, nakuomba kwa jina la babu. Usitie mkono mahali popote. Usitie kwenye kapu la nguo chafu, usitie kabatini wala chini ya mto. Usitie kwenye ule mkoba wako wa ukunga wenye taulo, nyuma ya jiko la mkaa, kwa sababu pale ndipo penye giza na joto na mimi ningekuwa yeye ningekwenda pale. Jike juu ya mayai haogopi tena, anauma. Mwite fundi viatu. Asipotaka kuingia, toka wewe, ukae kwake.

Na kwa kuwa nakuandikia huku nalia, niseme na lile jingine. Siku niliyoondoka, asubuhi, nilisimama mlangoni pa jikoni na begi langu. Ulikuwa unamimina chai. Uliimimina pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani hadi sakafuni, na wewe ukaendelea kumimina na kuimba. Nilijua. Nilirudi nyuma kimyakimya nikaingia tena kwa kishindo, nikasema Bibi nimechelewa. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Mei, kweli. Mwezi wa nne waliniuliza kama nataka kuongeza nusu mwaka, nikasaini. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kurudi na kuona nilichokwisha kuona, nikajificha huku juu nahesabu mvua. Na nikakuachia nyoka.

Leo nimeandika barua ya kuacha kazi. Kwa utaratibu wa kazi, atakayenibadili atapanda mwisho wa Juni, barabara ikikubali. Barua hii itaondoka na lori kesho.

24 Mei. Lori halikuondoka. Daraja la chini limefunikwa na maji.

30 Mei. Bado. Nimetembea hadi kwenye daraja kuona kama naweza kuvuka kwa miguu. Fundi wa mitambo alinivuta kwa koti. Kila saa tatu nasoma vipimo, na kila saa tatu nakuona unainama nyuma ya lile jiko.

6 Juni. Maji yanashuka. Bibi, kama barua hii imekufikia na hakuna wa kukusomea, basi nimeandika bure. Kama kuna anayekusomea, wewe unayesoma, ingia ndani. Tafadhali ingia ndani.

Mjukuu wako


14 Juni

Kwako mke mwenzangu,

Usishtuke kuona mwandiko mzuri. Anayeandika ni fundi viatu, mimi nasema. Ameketi ndani, kitini kwa babu yako, siyo kizingitini. Anataka niseme kwamba alikuwa ndani kabla ya barua yako kufika, asije akaonekana aliingia kwa kuombwa. Haya, nimesema.

Ndiye aliyekuwa ananisomea barua zako, tangu ile ya kwanza. Zile mara mbili na chai, chai ilikuwa yangu na kusoma kulikuwa kwake. Zangu nilikuwa naandika mwenyewe, nimeweka rula juu ya karatasi ili mkono usipotee njia. Kalamu ikikauka rula haisemi.

Barua yako ndefu ilifika juzi. Alipofika pale pa usitie mkono kwenye mkoba wa ukunga, akaishusha karatasi, kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa umefungwa kitambaa mbele yake. Umechelewa kwa wiki tatu na zaidi.

Siku tatu nilikaa juu ya meza, nashuka nikilazimika tu, nikishuka napiga sakafu kwa mwiko kwanza. Kila kitu kilikuwa yeye. Mkanda wa nguo ulikuwa yeye, na bomba la maji lilikuwa yeye. Nilikuwa nasikiliza nyundo ya fundi ukutani, ikinyamaza naacha kupumua. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, hata siku mama yako alipozaliwa miguu ikitangulia. Siku ya nne nikasema, nyumba ni yangu, nitafuata taulo yangu nikaoge. Nikatia mkono mkobani.

Nilishika kitu laini, cha mviringo, chenye joto kidogo. Nikashika kingine. Mkunga ni mkunga, mke mwenzangu, nilihesabu. Nilifika saba ndipo akaniuma. Si sana, ni kama kukwaruzwa na msasa, lakini nilipiga ukelele uliomtoa fundi kwenye kigoda chake. Aliingia mbio, akasimama, akatoka. Nikasema basi, amekimbia. Akarudi amevaa buti za wateja mikononi, moja kila mkono, akauinua mkoba wote na mwenye mkoba ndani yake, akauingiza katika sanduku la kioo na kufunga kile kitasa. Anasema ni chekundu. Mimi nilikuwa nakuamini tu.

Kwa hiyo ni jike. Wa kwanza kunikosesha katika elfu moja na zaidi. Nimempa hongera yake, nikamwomba radhi kwa kumwita dume miezi yote ile na tumbo lake limejaa. Fundi anasema nimezeeka. Namwambia andika hilo pia. Ameandika?

Mjomba wako bado sijamwambia kuhusu macho. Utamwambia wewe. Mimi nitakaa karibu nawe nishike mkono wako, na akitaja chumba cha nyuma utanisemea. Hicho ndicho kilichonifunga mdomo. Nyoka nilimwogopa, lakini kile chumba nilikiogopa zaidi, kukaa mahali ambapo sijui ukuta uko wapi na hakuna nyundo ya kuniambia ni asubuhi. Nawe ungekuja mbio ukaacha kazi yako, halafu ungenitazama. Nilikuwa sitaki unitazame.

Lakini njoo. Mayai yana mwezi mmoja na zaidi kidogo bado, fundi amesema hatayapokea yeye.

Ila ukifika, nakuomba kitu kimoja. Usisimame mlangoni kimya. Piga kelele, sema Bibi, ni mimi. Siku ile ya chai ulisimama pale na begi lako, nikasikia pumzi yako. Nilijua unaniona. Chai ilikuwa inanichoma miguu, nami nikaendelea kumimina na kuimba, ili uondoke bila kujua kwamba najua.

Bibi yako